Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kukimbia na Kujitolea Nasi, Dar es Salaam

Maswali haya yanatufikia kila wiki, mengine kwa simu usiku watu wakiwa wameshalala. Tumejibu kwa kirefu pale panapostahili, na penginepo kwa kifupi.

Kwani nyie mnafanya nini hasa?

Tunakimbia hadi kwenye kazi, tunaifanya, tunarudi. Jumamosi asubuhi tunakutana Viwanja vya Leaders, Kinondoni, tunakimbia kilomita tatu hadi tano kuelekea mtaa uliotuomba, tunashika mabeleshi, mifagio au brashi za rangi kwa muda wa saa moja hivi, kisha tunarudi wote pamoja. Kazi zenyewe ni zile ambazo kila mtaa unazo na kila mtu anadhani zina mwenyewe. Mfereji ulioziba mbele ya zahanati. Darasa ambalo chokaa yake imebaki kwenye kona tu. Mchanga uliomwagwa nje ya geti la kituo cha watoto, na lori limeshaondoka. Kabati la mzee anayeishi peke yake, linalotakiwa lihamishwe kutoka pale bati linapovuja.

Mbio kwetu ni usafiri. Mji huu una watu wengi wenye moyo wa kujitolea ambao siku ikifika wanapata udhuru, na watu hao hao wamepanga kufanya mazoezi tangu mwaka jana. Ukiyafunga mambo haya mawili pamoja, moja linalivuta lingine. Mazoezi ya peke yako unaweza kuyaghairi ukiwa bado kitandani. Mama wa kituo anayejua mnakuja watu kadhaa kumbebea mchanga, huyo ni vigumu kumghairi.

Mna tofauti gani na klabu za jogging, au marathoni za hisani?

Klabu za jogging zilikuwepo kabla yetu na zina raha yake. Ukiwa Temeke au Mbagala Jumapili alfajiri utazisikia kabla hujaziona: filimbi, mchakamchaka, sare za rangi moja, barabara nzima imechangamka. Nyingi zinazikana, zinauguzana na kufanya usafi mtaani kwao. Hatudai tumegundua kitu kipya. Tofauti ni kwamba sisi hatutoki bila kazi iliyopangwa na mtu anayetusubiri mwisho wa njia.

Marathoni za hisani ni jambo jingine. Unalipia, unapewa tisheti na namba ya kifuani, ukimaliza unavishwa medali, na fedha inakwenda kwenye shughuli iliyotangazwa. Ile ya benki ya CRDB, kwa mfano, imekuwa ikichangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kwa kazi kama hiyo inatakiwa fedha, tena nyingi. Beleshi halimsaidii mtoto mwenye tundu kwenye moyo. Baadhi yetu tunashiriki hizo pia. Ila mfereji wa Hananasif hauna medali, na watu wa kuukimbilia ni wachache.

Mara ya mwisho nilikimbia shuleni. Nitaachwa?

Hutaachwa. Tunakimbia mwendo wa kuongea, maana yake ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, tumezidisha. Kuna kundi la pili linalotembea kwa haraka, ambalo huondoka mapema kidogo ili wote tufike pamoja. Nyuma kabisa yupo mwenzetu mmoja ambaye kazi yake asubuhi hiyo ni kuwa wa mwisho. Humpiti, hata ukijitahidi kuchelewa.

Ukianza upya, kimbia dakika mbili, tembea moja, rudia. Wiki mbili tatu za mwanzo usihesabu kilomita. Kichomi kikikubana ubavuni, punguza mwendo, vuta pumzi ndefu na uitoe taratibu. Wageni wengi wanabanwa kwa sababu wamekuja wameshiba.

Watu wanapenda kututajia John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bandeji. Taifa linamheshimu hadi leo, na ni haki yake. Sisi hatukuombi ushujaa huo. Goti likiuma simama, bodaboda zipo.

Nina presha, au sukari, au pumu. Naweza kuja?

Wapo wenye hali hizo na wanakimbia vizuri tu. Ongea kwanza na daktari wako, kisha mwambie mmoja wetu kabla hatujaondoka, hata kwa kunong'ona pembeni. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta mfukoni, asiiache kwenye begi. Mwenye sukari aje na kitu kitamu. Hatuhitaji cheti.

Kwa nini alfajiri hivyo? Jumamosi ndiyo siku yangu ya kulala.

Kwa sababu ya joto, na zaidi ya joto, unyevu. Hewa ya Dar imejaa maji ya bahari; jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Ndiyo maana mtu aliyezoea kukimbia Arusha au Mbeya akija hapa Januari anashangaa miguu inakataa mapema. Mwili unahitaji kama wiki mbili kuzoea, na hakuna njia ya mkato. Tunaanza saa 12 kamili asubuhi ili saa 3, jua linapoanza kuchoma kwelikweli, beleshi liwe limeshawekwa chini.

Juni hadi Agosti kuna kaupepo, unaweza hata kuona raha. Mgeni anayetaka kuanza bila mateso aanze miezi hiyo.

Hakuna siku ya jioni?

Jumatano, saa 11 na nusu jioni, hapo hapo Leaders. Siku hiyo hatuna kazi, tunakimbia tu: Oysterbay, tunavuka Daraja la Tanzanite na kurudi. Daraja lile lilifunguliwa mwaka 2022, lina urefu wa kilomita moja na ushee, na upepo wa pale juu ni zawadi. Kina kaka wa kasi wanamalizia hasira zao pale. Tangu Alphonce Simbu alipoleta dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo mwaka 2025, wameongezeka wanaoangalia saa ya mkononi kila baada ya mita mia. Tunawavumilia.

Nivae nini? Nije na nini?

Raba zinazokutosha, bukta au trakisuti, na tisheti unayoipenda kidogo tu, kwa sababu rangi ya mafuta haitoki. Sare hatuna, hivyo usisubiri kupewa.

Raba za mtumba zinafaa. Nenda Karume asubuhi, kunja kiatu kwa mikono: kinatakiwa kijikunje pale vidole vya mguu vinapojikunja. Kikijikunja katikati kama kitambaa, kirudishe. Kagua kisigino pia. Soli iliyolika upande mmoja tayari imeshafuata mguu wa mtu mwingine, na itakulazimisha utembee kama yeye. Kitambaa cha juu kuchakaa si neno.

Njoo na maji yako, hela ya nauli, na kitambulisho. Vito, laptopu na simu ya pili acha nyumbani. Tuna mtu anayebaki na mabegi, lakini hatutaki kumbebesha roho za watu. Glavu, mabuti ya mpira na vifaa vya kazi vinatangulia kwa guta, hivyo huhitaji kukimbia na jembe mkononi, ingawa wapo waliopendekeza.

Tunakimbilia upande gani wa barabara?

Kulia, ukiangalia magari yanayokuja. Bodaboda haina upande. Inaweza kukujia kwa mbele, kwa nyuma au juu ya njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo spika za masikioni tunaziomba zikae mfukoni. Kwenye njia nyembamba tunakwenda wawiliwawili, na aliye mbele akipaza sauti "shimo!" usiulize lipo wapi.

Mimi ni mwanamke. Nitakuwa salama, na naweza kukimbia na hijabu?

Kina dada na kina mama ni wengi kwetu, wenye hijabu na wasio nayo. Dera halifai kwa kukimbia kwa sababu linanasa miguuni. Suruali pana na gauni fupi la juu vinatosha na vinasitiri. Hakuna anayeachwa kukimbia peke yake kwenda wala kurudi. Maneno ya vijiweni yapo, tusidanganyane, lakini kundi kubwa huwa wanalisalimia tu. Mwenzetu akikusumbua, kwa maneno au kwa meseji za usiku, mwambie yeyote kati ya waratibu. Huyo msumbufu ataondoka yeye, hutaondoka wewe.

Nani anachagua kazi?

Wanaoihitaji. Hili tunalishikilia kuliko jambo jingine lolote.

Ombi linakuja kutoka kwa mwalimu mkuu, muuguzi, msimamizi wa kituo, au kikundi cha kina mama. Tunampigia mwenyekiti wa serikali ya mtaa kumjulisha, na katikati ya wiki watu wawili wanakwenda kuangalia. Wanauliza maswali ya kizembe ambayo ndiyo yanayookoa Jumamosi: maji ya kunawa yapo? Geti linafunguliwa na nani? Taka zikitoka zinakwenda wapi? Ngazi ni yenu au tuje nayo? Aliyetuma ombi ndiye mwenye eneo? Swali hilo la mwisho linaweza kuonekana la kipolisi, lakini kufyeka kiwanja chenye mgogoro ni kujiingiza kwenye kesi ya watu.

Kazi tunazokataa zipo. Hatufanyi kazi ya fundi: umeme, paa, kuchimba choo. Hatufanyi kazi ya mtu anayelipwa kuifanya. Mitaa mingi ya Dar kaya zinalipa ada ya taka, na kuna mzabuni aliyepewa eneo na vijana wenye mikokoteni wanaokula kwa kazi hiyo. Tukija na glavu mpya kuzoa bure taka ambazo mzabuni amelipwa azizoe, tumemfaidisha mzabuni mzembe na tumemnyima kijana kibarua. Hapo tunamshauri mwenyekiti ambane mzabuni. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaungana na mtaa kama wananchi wengine, chini ya mwenyekiti wao, bila kujitambulisha.

Na hatuongezi kitu ambacho hatukuombwa. Kuna wakati tulikuta ukuta wa shule umechakaa nasi tukiwa na rangi imebaki, mikono ikawasha. Mwalimu mkuu alisema hapana, ukuta ule unabomolewa. Watu waliona ajabu, lakini yeye ndiye mwenye shule.

Mbona mnashughulika na mifereji sana?

Kwa sababu mji huu unazama kwa mambo madogo. Mto Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya mji na kuingia baharini pale Daraja la Selander. Kila kinachotupwa huku juu kinashuka. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwahamisha wengine kutoka mabondeni hadi Mabwepande, na Jangwani pale barabara imefungwa kwa maji mara nyingi. Hatudhani mabeleshi yetu yanazuia mto kufurika. Lakini nyumba nyingi hazifikiwi na mto kabisa. Zinaingiliwa na maji ya mfereji wa upana wa hatua moja, ulioziba mita ishirini kutoka mlangoni.

Ukitaka kujua mfereji unaziba vipi, simama ndani yake. Juu kunaelea chupa za plastiki, hizo ni nyepesi na zinatoka upesi. Chini yake kuna vifuu vya nazi, na pampasi zilizonywa maji zikawa nzito kama tofali. Chini kabisa kuna mchanga mweusi uliofumwa na vipande vya nailoni na kitambaa, na hapo beleshi linagoma, unatumia jembe kwanza. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na imepungua sana, ila ile ya zamani bado iko chini inashikilia mchanga kama mizizi.

Kosa linalofanyika kila mahali ni kutoa tope na kulirundika ukingoni. Mvua ya kwanza linarudi ndani, na umefanya kazi ya hasara. Kwa hiyo hatuanzi mfereji kabla hatujajua gari la kubeba limepatikana, na tope linapokwenda ni dampo la Pugu Kinyamwezi, si kiwanja cha jirani. Mabuti na glavu ni lazima kwa kila anayeingia, na mwenye kidonda anabaki juu kwenye reki. Maji yale ni ya chooni pia, na msimu wa mvua ndio msimu wa kipindupindu. Ukitoka, sabuni kwanza, chapati baadaye.

Tunazidisha kazi hizi Februari na Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Nasikia kuna kutembelea wazee. Inakuwaje?

Ndiyo, na hii haiendi na kundi kubwa. Mjumbe anatutambulisha kwa mzee anayeishi peke yake, au na wajukuu wadogo, na anayekubali kutembelewa. Watu wawili, wale wale kila mara, wanakimbia hadi kwake mara moja kwa wiki siku wanayokubaliana naye. Mmoja wetu hawezi kwenda peke yake, hata wakizoeana vipi.

Kuna anayetaka ndoo za maji zijazwe. Kuna anayetaka taa ibadilishwe. Bibi mmoja anachotaka ni mtu wa kumsomea maandishi madogo kwenye vifurushi vya dawa, kisha amsikilize akilalamikia bei ya dagaa. Hiyo ni kazi kama nyingine. Usimharakishe ili uwahi kurudi na kasi nzuri.

Adabu ni ile uliyofundishwa kwenu. Piga hodi, subiri ukaribishwe, shikamoo kabla ya jambo lolote, viatu nje. Beba tisheti kavu, kumkumbatia mzee ukiwa umelowa si heshima. Ukikaribishwa chai, kunywa, hata kama ni kikombe kimoja mnagawana. Kukataa kunamfanya ajione yeye ni wa kupokea tu. Usipeleke zawadi kila ukienda. Unga na sukari vinasaidia siku ambayo kweli havipo, lakini vikizoeleka, siku utakayokuja mikono mitupu yeye ndiye ataona aibu. Na usiahidi usichoweza. "Nitakuja wiki ijayo" kwa mtu anayekaa barazani kutwa nzima ni ahadi nzito.

Kwa sababu hiyo, wageni hatuwapangii wazee mpaka wamekuja Jumamosi za kutosha tuwajue.

Nataka kwenda kituo cha watoto nikacheze nao na kupiga picha.

Kucheza, labda. Picha, hapana.

Makao ya watoto yako chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na maafisa ustawi wa jamii, nasi tunaingia kwa ruhusa ya msimamizi. Mara nyingi kazi tunayopewa iko nyuma ya nyumba: kuni, mchanga, bustani ya mchicha. Watoto wakiwa shuleni ndiyo afadhali, kazi inaisha upesi. Mtoto aliyeshazoea kila mwezi wageni wapya wanamkumbatia, wanampakata, wanaondoka na hawaonekani tena, hahitaji wageni wengine wa namna hiyo. Kama unawapenda watoto, pakua mchanga.

Picha za kazi zetu zinaonyesha mfereji kabla na baada. Uso wa anayesaidiwa haumo, awe mtoto au mzee, hata akikubali mwenyewe.

Kuna kiingilio? Mnachangisha?

Hakuna kiingilio. Hatuchangishi fedha, na mtu akikuomba mchango kwa jina letu, usimpe. Vifaa vingi tunaazima. Vya kununua tunanunua kwa hela ya mfukoni ya waliopo na risiti inawekwa kwenye grupu. Hilo grupu la WhatsApp ni la ratiba tu. Kadi za harusi, dua za kusambaza kwa watu kumi na clips za siasa zinafutwa bila maelezo.

Kampuni yetu inataka kuja na wafanyakazi na mabango.

Wafanyakazi karibuni. Mabango yabaki ofisini.

Mnachangia damu?

Ndiyo, kila Mpango wa Taifa wa Damu Salama unapoweka kambi karibu. Uwe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Siku hiyo hatukimbii kabisa, tunakwenda kwa daladala. Wale wa kasi kila mara wanauliza kama wanaweza kukimbia kidogo tu jioni yake. Hapana.

Mvua ikinyesha?

Manyunyu tunakwenda. Mvua kubwa au radi tunaahirisha, na ujumbe unatoka kabla ya saa 11 alfajiri. Maji yakiwa yanapita juu ya barabara hatuyavuki, hata yakionekana ya kifundoni.

Ramadhani je?

Jumamosi tunahamishia saa 11 jioni, tunatembea badala ya kukimbia, na tunachagua kazi nyepesi: kupanga vitabu, kufungasha vyakula. Tunamaliza mapema watu wawahi futari. Wasiofunga hawanywi maji mbele ya wenzao. Hatujawahi kuandika sheria hiyo.

Naweza kuja na mtoto?

Aliye chini ya miaka 18 anakuja na mzazi au mlezi, na haingii kwenye mfereji.

Nafikaje Leaders kwa daladala?

Ukitoka Kimara au Ubungo, panda mwendokasi wa Morocco, shuka kituo cha mwisho, kisha bajaji au miguu. Ukitoka Posta au Mwenge, panda gari linalopita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na mwambie kondakta akushushe karibu na Leaders.

Tuna shule, zahanati au kikundi kinachohitaji nguvu kazi. Tuwaombeje?

Tutumie ujumbe mfupi wenye mambo haya: mtaa uliopo, kazi yenyewe ni nini, nani atakuwepo siku hiyo wa kutuonyesha, na vifaa gani mnavyo tayari. Barua yenye mhuri haihitajiki, wala chakula. Kama kuna mahali pa kunawa na kivuli cha kupumzikia, tuambieni. Kama hakuna, tuambieni pia, ili guta litangulie na madumu ya maji.